Mambo ya kuzingatia unaponunua tairi za gari la haibridi

BAADHI ya wamiliki wa magari ya haibridi, yale yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, hushangaa gari lililokuwa likibana mafuta linapoanza kuyanywa punde tu baada ya kubadilishiwa tairi. Fundi huikagua injini, betri ikapimwa, na kasoro isionekane. Aghalabu chanzo huwa ni tairi zenyewe.

Tairi inapobingirika, mpira wake hubonyea unapogusa barabara kisha hurudi katika umbo lake. Kila mara jambo hilo linapotokea, sehemu ya nishati hupotea kama joto. Upotevu huo huitwa ukinzani wa kubingirika, na katika gari dogo humeza takribani asilimia 20 ya mafuta yanayotumika.

Mnamo 1992 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilianza kuuza tairi ambazo sehemu ya masizi meusi ya kaboni katika mpira wake ilibadilishwa kwa silika. Mchanganyiko huo ulipunguza ukinzani bila kuifanya tairi iteleze katika maji. Kampuni nyingine zilifuata mkondo huo, na magari ya haibridi kama vile Toyota Prius, iliyozinduliwa Japani mwaka 1997, na Toyota Aqua ya mwaka 2011, hutoka kiwandani yakiwa na tairi za aina hiyo.

Katika haibridi hasara huongezeka kwa njia nyingine. Dereva anapopunguza mwendo, mota ya umeme hugeuka jenereta na kurejesha nishati betrini. Tairi yenye ukinzani mkubwa hula sehemu ya nishati hiyo kabla haijahifadhiwa.

Alama za ubora

Magari mengi ya haibridi nchini yaliingizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Kwa hivyo, inafaa mnunuzi azifahamu alama za huko. Tangu 2010, watengenezaji wa Japani hupanga ukinzani katika madaraja ya AAA, AA, A, B na C, na ushikaji wa barabara yenye maji kuanzia a hadi d. Tairi huitwa ya kubana mafuta iwapo tu imepata A au zaidi katika ukinzani na imo katika mojawapo ya madaraja manne ya ushikaji.

Umoja wa Ulaya nao una kibandiko chake, kilichoanza kutumika Novemba 2012 na kurekebishwa Mei 2021. Siku hizi madaraja yake ya matumizi ya mafuta na ya ushikaji katika maji ni A hadi E, na kibandiko huonyesha pia kelele. Muuzaji anayedai kwamba tairi yake inabana mafuta aombwe kuonyesha kibandiko kama hicho.

Kipimo, uzito na umri

Kipimo kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho kando ya mlango wa dereva. Toyota Aqua nyingi hutumia 175/65R15 84S. Tarakimu 175 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo. Na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Nambari 84 humaanisha kwamba tairi moja inaweza kubeba kilo 500, nayo S ni kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Usikubali tairi yenye nambari ya uzito iliyo chini ya ile ya kibandiko. Tairi pana kupita kiasi hupendeza macho lakini kwa kawaida huongeza matumizi ya mafuta.

Umri husomwa katika tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Kwa mfano, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, hivyo tairi inayoitwa mpya huenda ikawa imekaa miaka mingi.

Gari linapowasili kutoka Japani, angalia pia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake ni laini na huchakaa upesi kwenye lami yenye joto.

Hesabu ya akiba

Ukinzani ukipungua kwa asilimia 10, matumizi ya mafuta hupungua kwa asilimia 1 hadi 2. Chukua gari linalokwenda kilomita 20 kwa lita na kusafiri kilomita 20,000 kwa mwaka. Litatumia lita 1,000. Tairi zenye ukinzani wa chini kwa asilimia 20 zitaokoa lita 20 hadi 40 kila mwaka. Zidisha kwa bei ya petroli, kisha ulinganishe na tofauti ya bei ya tairi hizo.

Akiba hiyo isikufanye usahau usalama. Kati ya tairi mbili zinazokaribiana kwa ukinzani, chagua inayoshika zaidi barabara yenye maji. Katika msimu wa mvua, mita chache za kusimama zaweza kuokoa maisha ya anayevuka barabara. Anayepita kila siku kwenye barabara za changarawe azingatie pia uimara wa ubavu, kwani tairi inayopasuka mapema haina akiba yoyote.

Baada ya kununua

Tairi mpya huwa na ukinzani mkubwa kuliko ile ile ikiwa imelika, kwa sababu mpira wake ni mnene. Ongezeko dogo la matumizi mwanzoni ni jambo la kawaida.

Upepo upimwe angalau mara moja kwa mwezi, tairi zikiwa baridi. Magari ya Japani huonyesha kipimo kwa kPa. 220 ni sawa na takribani 32 katika mashine za psi zilizo kwenye vituo vya mafuta. Upepo haba hupoteza mafuta na kula kingo za tairi, nao uliopita kiasi hula katikati na kupunguza ushikaji.

Ikiwa fedha zinatosha tairi mbili pekee, hizo mpya zifungwe nyuma ili gari lisiyumbe kwenye maji. Hatimaye, magurudumu yasawazishwe na mwelekeo wake upimwe. Gurudumu lililopinda hata kidogo hukwaruza barabara safari nzima, na tairi bora kuliko zote haitaweza kufidia hasara hiyo.