Sámuel Teleki na Waungwana Waliomfikisha Ziwani

Kusini mwa Ziwa Turkana, katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya, ipo volkano iitwayo Teleki. Mlima Kenya nao una bonde la jina hilohilo, na mmea wenye manyoya unaoota juu ya miteremko yake wataalamu wameupa jina la Lobelia telekii. Mwenye jina ni Sámuel Teleki, kabaila na mbunge wa Hungaria, ambaye vitabu vya Ulaya vinamtaja kuwa mgunduzi wa ziwa lile mwezi Machi 1888. Alilipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungaria, na kwa jina hilo likajulikana hadi 1975, Kenya ilipoliita Turkana. Mji Mkongwe hauna mtaa wala jiwe linalomkumbusha mtu huyu, na wengi wa Unguja hawajapata kulisikia jina lake. Hata hivyo, safari iliyompa umaarufu wote haikuandaliwa Budapest wala Vienna. Iliandaliwa hapa Unguja na Pangani, kwa fedha, bidhaa, watu na elimu ya safari ambavyo biashara ya Pwani ilikuwa imevikusanya kwa miaka mingi kabla yeye hajashuka melini. Anayemwandika Teleki bila Unguja anaandika nusu ya habari.

Teleki alizaliwa tarehe 1 Novemba 1845 huko Sáromberk, Transilvania, eneo ambalo leo limo ndani ya Rumania. Ukoo wake ulikuwa wa kale na wenye ardhi nyingi. Babu mmoja wa jina lake, aliyekuwa kansela wa Transilvania, ndiye aliyeanzisha maktaba mashuhuri ya Marosvásárhely na kuifungulia umma mwaka 1802. Mwingine wa ukoo huo, Pál Teleki, baadaye alikuwa mtaalamu wa jiografia na waziri mkuu wa Hungaria mara mbili. Sámuel aliingia bungeni mwaka 1881, lakini siasa haikuwa mapenzi yake makubwa. Alipenda kuwinda, na uwindaji ndio uliomkutanisha na Rudolf, aliyemhimiza asiende Afrika kutafuta wanyama tu, bali apande kaskazini mpaka kwenye nchi ambazo ramani za Ulaya zilikuwa zimeziacha tupu. Akapewa mwenzake, Ludwig von Höhnel, afisa kijana wa jeshi la majini, mzaliwa wa Pressburg, aliyejua kupima nyota na kuchora ramani. Mwishoni mwa 1886 wote wawili walikuwa Unguja.

Mji waliouona ulikuwa wa Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870. Beit al-Ajaib ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ijengwe mbele ya bahari. Mikataba ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka huohuo wa 1886 ilikuwa imeanza kumkatia Sultani bara vipande vipande, lakini biashara ya misafara bado ilitegemea Forodha ya Unguja, maduka ya Wahindi, na wapagazi wa Ng'ambo. Hata sarafu ya mji ule haikuwa ngeni kwa wageni hawa wawili. Riale iliyotumika sokoni ilikuwa na uso wa Maria Theresa, malkia aliyetawazwa Pressburg mwaka 1741 kuwa mtawala wa Hungaria, na mwaka wa 1780 uliogongwa juu yake haukubadilishwa kamwe. Fedha ya ufalme wao ilitangulia kufika hapa, ikapata heshima sokoni, na Wazanzibari walikuwa wakiihesabu kabla Teleki hajazaliwa. Naona jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaonyesha kwamba kabaila huyu hakutoka kwenye dunia yenye mawasiliano kwenda kwenye dunia iliyofungwa. Aliingia kwenye mtandao uliokuwa ukifanya kazi, akalipia nafasi yake ndani yake.

Alilipia nini hasa? Kwanza bidhaa. Msafara wa kwenda Umasaini haukubeba pesa, ulibeba merikani, shanga na seng'enge, na si kila shanga ilifaa kila mahali. Rangi iliyopendwa upande mmoja ilikataliwa umbali wa siku chache mbele. Wamasai walitaka shanga zilizokwisha tungwa, kwa hiyo misafara ilisimama Taveta, chini ya Kilimanjaro, watu wakakaa kutunga nyuzi kwa nyuzi kabla ya kuendelea. Aliyekosea hesabu hiyo angeweza kuwa na mizigo mia mbili na bado akalala njaa, au akashindwa kulipa hongo na kuzuiliwa njiani. Elimu hii haikuwamo katika kitabu chochote kilichouzwa Vienna. Ilikuwamo vichwani mwa wafanyabiashara wa Pangani, Mombasa na Unguja, na iliuzwa kama bidhaa nyingine.

Pili, alilipia watu. Mpagazi wa Unguja alikuwa na kazi inayojulikana, mshahara wa mwezi unaojulikana, malipo ya awali aliyoyadai kabla ya kuondoka, na posho aliyoihesabu kwa makini. Alikuwepo kirangozi aliyetangulia mbele, na wanyapara waliojibu kwa kila kundi. Wengine walikuwa watu huru, wengine watumwa waliogawana ujira na mabwana zao, maana mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini bila kuwafungua waliokuwa tayari mikononi mwa watu. Soko hili la kazi lilikuwa kubwa kiasi kwamba wiki chache baada ya Teleki kuondoka, Stanley alifika Unguja mwezi Februari 1887 na kuchukua watu zaidi ya 600 kwa safari yake ya kumfuata Emin Pasha. Mji mmoja, katika msimu mmoja, ulitoa nguvu za safari mbili ambazo Ulaya ilizisoma kama ushujaa wa watu watatu au wanne.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha jambo, alilipia njia. Kiongozi aliyempata ni Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeizunguka nchi ya Wamasai kwa miaka mingi. Mwaka 1883 msafiri wa Kizungu, Joseph Thomson, alikwisha kuambatana na msafara wake, na ni Thomson anayetuambia kwamba uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Sauti ya Kimemeta tunaisikia kupitia kalamu za wageni tu, na hilo ni hasara kubwa, kwa sababu wenzake waliopata mtu wa kuwaandikia maneno yao wametuachia hazina. Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na mwalimu Velten alikusanya simulizi za wasafiri wa Pwani akazichapisha mwaka 1901. Tuna kila sababu ya kuamini kwamba Kimemeta alikuwa na mengi ya kusema kama wao. Alijua Baringo, ambako misafara ya Pwani ilikuwa na kambi yake kule Njemps. Na kutoka Baringo habari za ziwa kubwa la kaskazini zilikuwa zimesikika zamani. Mwaka 1870 Thomas Wakefield, mmisionari wa Ribe karibu na Mombasa, alichapisha London orodha ya njia za misafara aliyopewa na Sadi bin Ahedi, msafiri Mwislamu wa Pwani, na Samburu imo humo. Thomson naye alisikia Baringo habari za ziwa la Samburu, likaingia kwenye ramani kwa kukisia. Teleki hakuondoka Pangani mwanzoni mwa 1887 akiwa hajui aendako. Alifuata habari iliyotolewa na Waswahili.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Atasema kusikia habari za ziwa si kuliona, na kuliona si kulipima. Hakuna msafara wa Pwani unaojulikana uliopita ukingo wote wa mashariki hadi ncha ya kaskazini kabla ya huu, na Höhnel ndiye aliyeandika vipimo vilivyowezesha maji yale, yenye urefu wa takriban kilomita 250, kuchorwa mahali pake. Nakubali yote hayo. Ramani ya Höhnel ni kazi ya kuheshimiwa, na Teleki mwenyewe, mtu mnene aliyekonda sana njiani, alionyesha ustahimilivu wa kweli. Alipanda Kilimanjaro zaidi ya mita 5,000, na Mlima Kenya alifika mahali ambapo hakuna Mzungu aliyekuwa amefika. Lakini kupima ni jambo moja na kugundua ni jingine. Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo waliishi kando ya maji yale, wakivua na kunywesha mifugo. Sifa anayostahili Höhnel ni ya mpimaji, na haihitaji kuazima sifa ya mgunduzi ili iwe kubwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo linatoka kwa jirani zetu wa bara. Kama tunadai sehemu ya sifa, je, hatudai pia sehemu ya damu? Msafara wa Teleki ulipigana na Wakikuyu mwaka 1887 na kuua watu. Ulichukua mifugo kwa nguvu njaa ilipobana, na uliwaua ndovu na vifaru kwa wingi. Waliobeba bunduki hizo wengi walikuwa watu wa Pwani. Jibu la kweli ni ndiyo. Historia ya misafara ya Unguja haiwezi kusimuliwa kama sherehe, kwa sababu pembe za ndovu zilizojenga nyumba za Shangani na Malindi zilitoka kwenye nchi zilizolipa kwa uchungu. Lakini wapagazi walilipa pia. Wengi wao walikufa kwa njaa na uchovu katika nchi ya Waturkana wakati wa kurudi, na mizigo ikaachwa njiani pamoja nao. Kabaila aliyekuwa na umri wa miaka miwili tu wakati kwao wakulima walipoachiliwa kutoka utwana wa mabwana wenye ardhi mwaka 1848, alisafiri Afrika kwa mabega ya watu ambao baadhi yao hawakumiliki hata ujira wao wenyewe. Kuweka mambo haya mawili pamoja kunatuonyesha mfumo aliouelewa tangu nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba haya yote yalikuwa biashara tu: aliyelipwa amelipwa, na sifa ni ya mwenye mtaji. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama fedha pekee ingetosha, lakini ushahidi unakataa. Mwaka 1892 Höhnel alirudi, safari hii akiwa na Mmarekani tajiri, William Astor Chanler, wakiwa na vyombo vizuri na mtaji usiopungua wa Teleki. Mwaka 1893 Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru, akabebwa kurudishwa Pwani. Kisha wapagazi wa Chanler, wengi wao wa Unguja, wakamwacha. Safari ikaishia hapo. Mtaji ulikuwepo na Mzungu mwenye ari alikuwepo. Walichokosa ni watu waliokubali kutembea.

Teleki na Höhnel walifika ziwani mapema Machi 1888, na mwezi wa Aprili wakafika ziwa dogo lililo kaskazini-mashariki, wakaliita Stefanie, jina la mke wa Rudolf na binti wa Leopold, mfalme aliyekuwa amejitwalia Kongo. Kati ya maziwa hayo mawili, mwishoni mwa Machi, Sayyid Barghash alifariki Unguja, na wao hawakujua. Waliporudi Pwani mwezi Oktoba, walitokea Mombasa. Mwezi Agosti kampuni ya Kijerumani ilikuwa imejitwalia mamlaka ya forodha za mrima, na Pangani, mji wa Kimemeta, ulikuwa umeinuka kwa silaha chini ya Abushiri bin Salim. Miezi mitatu baada ya kurudi kwao, Rudolf mwenyewe alikufa huko Mayerling. Teleki alirudi kwenye mashamba yake, akafa Budapest mwaka 1916, na kitabu cha safari kilichosomwa ulimwenguni ni cha Höhnel. Msafara mwingine wa wageni uliolifikia ziwa, ule wa Mmarekani Donaldson Smith mwaka 1895, ulianzia Berbera kwa wapagazi Wasomali. Kufikia hapo Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza kwa miaka mitano.