Mkalimani na mlango unaopitika si hisani: historia iliyoanzia San Francisco

Familia nyingi za Kivu zina ndugu huko Marekani. Walipitia kambi za Nyarugusu kule Tanzania, Nakivale kule Uganda au Kiziba kule Rwanda, na kwa miaka kadhaa Wakongomani ndio waliokuwa wengi kuliko wakimbizi wa taifa lingine lolote waliopokelewa nchini humo. Wakifika, hawakawii kuwa na shida inayowapeleka kwenye ofisi ya mji: deni la maji, nyumba, basi, au kikao cha meya na wananchi. Huko wengine hukuta karatasi za Kiingereza tupu. Aliyepoteza mguu vitani hukuta ngazi. Wengi hurudi nyumbani bila kusema neno, wakidhani kuomba mkalimani ni kusumbua watu.

Si kusumbua. Ni haki, na watu waliipigania. Sehemu kubwa ya vita hiyo ilipiganwa katika mji mmoja, San Francisco.

Ya lugha ndiyo ilianza. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha Sheria ya Haki za Raia. Kipengele kimoja kilisema kwamba yeyote anayepokea fedha ya serikali kuu hawezi kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, kabila au nchi alikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika shule za umma za San Francisco kulikuwa na watoto zaidi ya 2,800 wa asili ya Uchina wasiojua Kiingereza. Kama 1,800 kati yao hawakupewa msaada wowote wa lugha. Walikaa darasani wakiangalia ubao tu. Familia zao zikaenda mahakamani na kushindwa mara mbili. Hawakuacha. Tarehe 21 Januari 1974, Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa haki kwa sauti moja. Majaji walisema kwamba kumpa kila mtoto mwalimu yuleyule na kitabu kilekile si usawa, kama mtoto haelewi lugha inayosemwa.

Wakati huohuo watu wanaoishi na ulemavu walikuwa na kesi yao. Sheria ya mwaka 1973, katika kifungu cha 504, ilikataza kumnyima mtu huduma yoyote inayolipwa na fedha ya serikali kuu kwa sababu ya ulemavu wake. Lakini ili ianze kazi, waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii alipaswa kutia sahihi kanuni zake. Miaka mitatu ikapita, na zaidi. Serikali ikabadilika. Sahihi haikupatikana.

Tarehe 5 Aprili 1977, watu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la wizara hiyo huko San Francisco wakakataa kutoka. Miongoni mwao walikuwa vipofu, viziwi, na watu wa viti vya magurudumu. Judith Heumann, aliyepata polio akiwa mtoto mdogo, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Walilala sakafuni, wengine bila dawa zao. Simu zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani na kupeleka habari nje kwa lugha ya alama. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto. Meya wa mji, George Moscone, aliwaunga mkono. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano alitia sahihi, na tarehe 30 wakatoka.

Hata hivyo, kifungu cha 504 kiliwafunga wale tu wanaopokea fedha ya serikali kuu. Ndiyo maana mwezi Machi 1990 watu waliacha viti vyao vya magurudumu chini na kutambaa kwenye ngazi za jengo la Bunge huko Washington. Tarehe 26 Julai mwaka huo Rais George H. W. Bush alitia sahihi sheria mpya inayofunga kila serikali ya jimbo na kila mji, mkubwa kwa mdogo.

Kwa upande wa lugha, mwezi Agosti 2000 Rais Bill Clinton alitoa amri ya kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri, na mwaka 2001 mji wa San Francisco ukapitisha sheria yake wenyewe ya lugha. Machi 2025 amri ya Clinton ilifutwa na Rais Donald Trump. Lakini amri ya rais na sheria ya Bunge si kitu kimoja: ile Sheria ya mwaka 1964 ingali pale pale, na miji mingi ina sheria zake.

Historia hii inaonyesha namna ya kuomba. Kwa mwenye ulemavu, mji wenye wafanyakazi 50 au zaidi lazima uwe na mtu wa kushughulikia maombi na malalamiko hayo. Mwombaji aseme mapema, kabla ya siku ya kikao, ni msaada gani anaohitaji. Ofisi haiwezi kumtoza gharama, wala kumwambia kiziwi aje na mkalimani wake. Inaweza kukataa kitu kinachoizidi uwezo, lakini itafute njia nyingine. Kwa asiyejua Kiingereza, inatosha kutaja lugha: «Kiswahili». Mtoto asifanywe mkalimani wa mambo ya wakubwa. Ombi likiandikwa, nakala ibaki nyumbani.

Na hapa kwetu? Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, ingawa lugha rasmi ni Kifaransa. Tarehe 3 Mei 2022 ilitolewa sheria ya haki za watu wanaoishi na ulemavu. Karatasi ipo. Huko San Francisco pia karatasi ilikuwepo tangu mwaka 1973, na haikufungua mlango wowote mpaka watu walipokwenda kuudai.