Msasa Ulikula Nini?

Nikiwa darasa la saba niliipiga msasa ngoma ya babu. Nikakwangua moshi, mafuta na alama za mikono, nikapaka vanishi mpaka gogo likang'aa kama kabati la sebuleni. Babu akaitazama weee, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, sasa hii ni ya nani?"

Swali lile nilikwenda nalo Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utemi, na ngoma zilizokuwa nembo ya watemi wa Usukuma zikapoteza kazi yake. Makumbusho ya Wasukuma, aliyosaidia kuyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada, yamezihifadhi katika nyumba yenye umbo la kiti cha mtemi.

Kukarabati kuna mipaka, jamani. Ngozi iliyochanika iwambwe upya, mchwa wauawe, ufa uzibwe. Lakini weusi wa moshi, na pale mikono ilipolainisha mti, paachwe. Hiyo ndiyo hati ya wasioandika.

Ngoma ya babu ipo bado nyumbani. Wageni huisifu. Mimi hutazama pembeni.