Mawe ya Kupimia Nguvu

Katika ufuo wa Djúpalónssandur, magharibi mwa Iceland, kuna mawe manne yaliyosuguliwa na bahari hadi yakawa laini. La kwanza lina kilo 23, la pili 54, la tatu 100 na la nne 154. Kila moja lina jina: Amlóði, yaani goigoi, Hálfdrættingur, mtu wa nusu mgawo, Hálfsterkur, mwenye nguvu nusu, na Fullsterkur, mwenye nguvu kamili. Karibu na hapo palikuwa na kambi ya uvuvi ya Dritvík, ambayo kwa karne kadhaa ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa za nchi hiyo. Mashua za makasia zilihitaji watu wa kupiga kasia kutwa nzima kisha kuburura chombo hadi nchi kavu mawimbi yakiwa makali. Aliyetaka nafasi chomboni alipimwa kwa kuinua jiwe na kulipandisha juu ya mwamba unaofika kiunoni. Aliyeshindwa na lile la kilo 54 hakufaa kwenda baharini.

Bara, huko Húsafell, mchungaji Snorri Björnsson (1710–1803) alijenga zizi la kondoo ambalo kuta zake bado zipo, pamoja na jiwe bapa la kilo 186 linalokaribia umbo la pembetatu. Inasimuliwa kwamba lilikuwa mlango wa zizi, na kwamba Guðný, binti yake, aliweza kulibeba. Habari ya binti huenda imekuzwa na wasimulizi. Uzito wa jiwe haukukuzwa. Kipimo cha juu ni kulikumbatia kifuani na kuzunguka nalo zizi zima.

Uskoti nako kulikuwa na mawe ya kupimia vijana, lakini yaliyopata sifa kuliko yote yalitokana na ujenzi. Katika miaka ya 1830, mafundi waliokarabati daraja la Potarch, juu ya mto Dee, walitumia mawe mawili ya itale yenye pete za chuma kusawazisha uzito wa jukwaa lao. Kubwa lina kilo 188, dogo kilo 144. Mwaka 1860 Donald Dinnie, mtoto wa mwashi wa eneo hilo, aliyashika yote mawili kwa mikono mitupu na kuvuka nayo upana wa daraja, zaidi kidogo ya mita 5. Dinnie aliishi kwa nguvu zake: alizunguka Uingereza, Marekani na Australia akishindania fedha, hadi umri ambao wenzake walikwisha kustaafu.

Kwa viwango vya siku zile mtu kama huyo hakuwa mwanamichezo wa ridhaa, na si kwa sababu ya fedha tu. Klabu ya riadha ya ridhaa iliyoundwa London mwaka 1866 iliwafungia mlango mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba anayefanya kazi ya mikono ana faida isiyo ya haki juu ya muungwana. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1880 chama cha taifa kilipoanzishwa. Kichekesho chake ni kwamba karibu kila kifaa cha mashindano ya leo ya watu wenye nguvu kinaiga kazi ya hao waliokataliwa.

Mchezo huo wa watu wenye nguvu, kwa sura yake ya sasa, ulizaliwa na televisheni. Mwaka 1977 shindano la kumtafuta mwenye nguvu kuliko wote duniani lilifanyika California, katika viwanja vya studio ya filamu ya Universal, likiwakutanisha wanyanyua vyuma, wacheza mpira wa Kimarekani na watunisha misuli. Bruce Wilhelm alishinda. Franco Columbu aliumia vibaya mguu akikimbia na jokofu mgongoni, kioja kilichobuniwa kwa ajili ya kamera. Vioja vya aina hiyo vilipungua taratibu, na mizigo yenye asili ya kazi ikashika nafasi yake. Jón Páll Sigmarsson wa Iceland, bingwa mara nne kati ya 1984 na 1990, aliwafanya wengi wapende mchezo huu.

Baada ya televisheni walifuata watu wa kawaida, waliotaka kujipima wikendi na Jumatatu kurudi kazini. Shindano la ridhaa kwa kawaida humalizika kwa siku moja na huwa na majaribio matano hivi: kusukuma gogo juu ya kichwa, kutembea na nira ya chuma mabegani, kubeba mizigo miwili mikononi, kuvuta au kupindua kitu kizito, na mwishoni mawe. Muda wa jaribio mara nyingi ni sekunde 60. Wakiwa washiriki kumi, wa kwanza hupata pointi 10 na wa mwisho 1, kwa hiyo stadi wa jambo moja tu hafiki mbali. Madaraja ya uzito, kama lile la chini ya kilo 105, yamewapa nafasi hata wasio watu wa miraba minne. Wanawake wana madaraja yao; Jan Todd wa Marekani alikwisha kuyainua mawe ya Potarch mwaka 1979, akitumia mikanda ya kushikia.

Jimu ya kawaida haitoshi kwa maandalizi. Chuma cha mazoezi kimetengenezwa kishikike vizuri. Jiwe halina mshikio. Ndiyo maana wanaridhaa humwaga zege kwenye kalibu za duara nyuma ya nyumba. Duara la sentimita 40 lina takriban kilo 80, na la sentimita 50 linakaribia kilo 155, kwani sentimita kumi za kipenyo zinatosha kukaribia kuongeza uzito maradufu. Mikononi hupakwa ulimbo wa msonobari. Mshiriki hulikumbatia jiwe kwa chini, hulipakata mapajani akiwa amechuchumaa, hupumua, kisha husukuma nyonga mbele ili lipande kifuani hadi jukwaani. Anayejaribu kulivuta kwa kukunja viwiko huhatarisha kano ya msuli wa mbele wa mkono, jeraha ambalo kupindua tairi pia kumelisababisha mara nyingi.

Daraja la juu la ridhaa hufikia kilele Columbus, Ohio, katika tamasha linaloitwa kwa jina la Arnold Schwarzenegger, ambako mshindi wa uzito wa juu hualikwa kwenye shindano la kulipwa. Wengine wote hulipa wenyewe ada, nauli na zege.