Mkuyu Mwenyeji na Mtini Mgeni katika Nchi ya Sakania

Atakaye kuandika tarehe ya tini katika nchi ya Sakania imempasa kwanza atambue kwamba miti ya ukoo mmoja imekutana hapo kwa njia mbili zisizofanana: mkuyu, ambao Wabemba na jirani zao huuita mukunyu, ni mwenyeji wa kingo za mito na mabonde tangu kabla ya mtu yeyote kufikiri habari za mipaka; na mtini wenyewe, ule unaotajwa katika Kurani na katika Biblia, ni mgeni aliyetoka Asia ya Magharibi, ambaye njia yake ya kuingia nyanda hizi haikuwa nyepesi hata siku reli ilipofika. Wanaobishana leo ni tini ipi bora kupandwa na ipi tamu kuliwa aghalabu huanza na rangi ya ganda na ukubwa wa tunda. Mimi naona afadhali waanze na mdudu mmoja mwenye urefu wa milimita 2 hivi, maana yeye ndiye aliyekata shauri, zamani sana, ni tini zipi ziweze kuzaa Sakania na zipi zisiweze.

Sakania iko kwenye mgongo wa nchi unaotenga maji ya Kongo na maji ya Zambezi, juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,200, katika ile ncha ya ardhi ya Kongo iliyochomoza ndani ya nchi iitwayo leo Zambia kwa sababu ya mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 baina ya Waingereza na Mfalme Leopold wa Pili. Walamba, wenyeji wa nchi hiyo, wakajikuta wamegawanywa, nusu huku na nusu kule, na mikuyu yao hali kadhalika; ila ndege na popo hawakupewa habari ya mkataba huo, wakaendelea kula kuyu za upande mmoja na kudondosha mbegu upande wa pili.

Mkuyu ni mti mnene, wenye gome la manjano na matunda yaliyokaza juu ya matawi manene. Ukilipasua kuyu lililoiva utaona ndani yake maua madogo yasiyohesabika, maana tunda hili kwa hakika ni bustani ya maua iliyofungiwa ndani, na mlango wake ni kijitundu kimoja kilichofunikwa kwa magamba. Nyigu jike, ndiye yule mdudu niliyemtaja, hujipenyeza katika tundu hilo, na kwa dhiki ya mlango mabawa yake hukatika. Hutaga mayai katika baadhi ya maua, huyatia maua mengine chavua aliyokuja nayo kutoka tunda alikozaliwa, kisha hufa humo humo. Watoto wake wa kiume huzaliwa hawana mabawa, wala hawana kazi nyingine ila kuwapanda majike na kuwatobolea njia. Majike hutoka na chavua mpya kwenda kutafuta kuyu changa. Ndiyo maana mlaji wa kuyu katika nchi zetu hulipasua kwanza, akalikung'uta na kulipuliza, ndipo akalitia kinywani, na bado hupata zaidi mbegu na wadudu kuliko nyama. Watoto hulila bila kinyongo, na ninga hulipenda kuliko chakula chochote. Nao watoto, wakilijua pendo hilo, huchemsha utomvu wa miti ya ukoo huu wakafanya ulimbo wa kuwanasa ndege.

Lakini wazee wa nchi hizi hawakuiheshimu miti hii kwa ajili ya tunda peke yake. Kabla ya kitambaa cha marekani kufika kwa misafara ya pwani, nguo za watu wengi zilikuwa magome. Gome la mutaba, ndugu wa mkuyu, lilichunwa, likalowekwa na kupondwa kwa nyundo ya mti mpaka likatanuka na kulainika. Na kazi hiyo hiyo, iliyofikia ukamilifu wake kule Buganda kwa mti uitwao mutuba, ndiyo iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa miongoni mwa turathi za wanadamu wote. Miti ya namna hii hushika upesi hata kwa kigingi kilichochomekwa ardhini, basi ilipandwa vijijini. Na kijiji kilipohama, kwa kuwa udongo umechoka au mkubwa wa kijiji amefariki, nyumba zilianguka zikasahauliwa, na miti ikabaki ikionyesha mahali ambapo watu walikaa.

Jambo la ajabu, na ndilo linalonivutia kuliko yote katika habari hii, ni yaliyoupata mkuyu uliposafiri. Mti huu wa Afrika yetu ulipelekwa Misri tangu zama za Mafirauni, na kutoka huko hata Palestina. Nyigu wake hakufuatana nao, wala hakupata makazi huko. Mkuyu usio na nyigu huzaa matunda yasiyo na mbegu, nayo yakiachwa vivi hivi hayaivi vema. Lakini wakulima wa Misri waligundua kwamba kuyu changa likichanjwa kwa kisu hujaa na kuwa tamu katika siku chache tu, kwa sababu jeraha hulifanya tunda litoe hewa iivishayo. Kuyu kavu zenye alama za kisu zimeonekana katika makaburi ya kale, na majeneza mengi ya Wamisri ni ya mbao za mkuyu. Nabii Amosi alijitambulisha kuwa mchungaji na mtunzaji wa mikuyu, na wafasiri wengi huona kazi yake ilikuwa uchanjaji huo. Basi tunda ambalo kwetu ni chakula cha ndege na watoto, huko ugenini, kwa kupotewa na mdudu wake, likawa riziki ya watu wazima na bidhaa ya soko.

Mtini wa Asia umepatwa na mambo ya namna hiyo kwa upande wa pili. Katika bonde la Yordani, mahali paitwapo Gilgal, zilichimbuliwa tini zilizoungua zenye umri wa miaka 11,400 hivi, na wataalamu walioandika juu yake mwaka 2006 walisema kwamba hazikuwa na mbegu zilizotungwa, na kwa hiyo zilitoka kwenye miti iliyopandwa kwa vipandikizi na mkono wa mtu. Tangu kale, basi, mitini iko ya namna mbili: iko inayoivisha tunda bila nyigu, na iko inayomhitaji, la sivyo tunda hupukutika likiwa changa. Mashuhuri katika hii ya pili ni tini ya Smyrna, mji uitwao leo Izmir, ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyokaushwa na kuuzwa duniani.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini misafara ya waungwana wa pwani, iliyofika Katanga, ambamo Sakania imo, kununua shaba na pembe katika siku za Mfalme Msiri wa Bunkeya, kabla hajauawa tarehe 20 Desemba 1891, haikuutawanya mtini bara kama ilivyoutawanya mwembe. Kila mtoto aliyepita chuoni aliijua Sura ya Tini, na Waomani wana mitini yao katika Jabal Akhdar. Lakini msafiri huila embe akaitupa kokwa, na mwembe ukaota nyuma yake, ilhali mbegu ya tini kavu ya Smyrna, hata ikiota, nusu ya miche yake huwa mitini dume isiyolika, na iliyobaki karibu yote humngoja nyigu asiyekuwapo. Mtini mwema husafiri kwa kijiti kilichokatwa, na kijiti hudai mtu wa kukilowanisha njiani na mtu wa kukaa nacho kifikapo.

Mambo hayo mawili yaliwezekana ilipokuja reli. Njia ya chuma iliyoanzia Rasi ya Tumaini Jema, ambako Waholanzi walipanda mitini tangu karne ya 17, ilivuka maporomoko ya Zambezi mwaka 1905, ikafika Broken Hill, katika Zambia ya leo, mwaka 1906 na Sakania mwaka 1909, na mwaka uliofuata ikaingia Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Gari moshi lililopandisha unga na mashine za migodi liliweza kupandisha pia vijiti vilivyolala usingizi, visivyo na jani, vikiwa vimefungwa katika gunia bichi. Mwaka 1911 wakaja mapadri Wasalesiani, ambao chini ya Monsinyori Joseph Sak waliongoza prefektura ya Luapula ya Juu kuanzia 1925, ikageuzwa kuwa vikarieti ya Sakania mwaka 1939. Na misheni, yenye kanisa, shule na shamba mahali pamoja, ndiyo iliyokuwa makao ya kudumu ambayo mti wa kipandikizi huyahitaji.

Na asiyejali habari ya nyigu atapata hasara waliyoipata wakulima wa Kalifornia, ambao katika miaka ya 1880 walipanda vijiti vya Smyrna kwa wingi, miti ikanawiri, tini zikaanguka changa mwaka hadi mwaka, mpaka nyigu alipoletwa na kupata makazi mwaka 1899. Katanga hatuna nyigu huyo, na nyigu wa mkuyu haufai mtini. Basi Smyrna, pamoja na sifa zake zote, si ya kupandwa hapa.

Zilizobaki ni zile zizaazo peke yake. Brown Turkey ni kubwa, ya rangi ya hudhurungi inayoelekea zambarau, vumilivu kuliko wenzake. Utamu wake ni wa kadiri, na jicho la tunda lake, yaani kile kijitundu cha mlango, huwa wazi kidogo. Black Mission, iliyopewa jina kwa misheni za Wafransisko wa Kalifornia, ni nyeusi, tamu sana, nayo pamoja na Brown Turkey huzaa mara mbili: kwanza juu ya matawi ya mwaka jana, kisha juu ya chipukizi jipya. Celeste ni ndogo, na jicho lake limefumba kabisa. Kadota, ambayo Waitalia huiita Dottato, ina ganda la manjano lenye kijani, na ikiiva tone la utomvu mtamu kama asali hukaa juu ya jicho na kuliziba, wadudu na maji ya mvua yasipate pa kupenya.

Tone hilo lina thamani kubwa Sakania kuliko Italia. Huko tini huiva katika kiangazi kikavu, hukaushwa juani. Kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hata Machi au Aprili, na zao la pili, ambalo ndilo kubwa, huangukia katikati ya gharika, ambapo tini zenye jicho wazi hupasuka na kuchacha mtini kabla ya kuchumwa. Kukausha Januari ni kujisumbua. Kwa hiyo mimi ningepanda Kadota kwa ajili ya zao la mvua na jamu, na Mission kwa ajili ya zao la kwanza, linalowahi mvua kubwa. Na mti huo wa Mission nisingeupogoa sana wakati wa baridi ya Juni na Julai, maana akataye matawi ya mwaka jana amekata zao hilo lote. Majani yaliyopigwa kutu mwisho wa masika ningeyaokota na kuyachoma.

Wala asitegemee mtu kuzipeleka tini mbichi Lubumbashi kwa wingi. Tini haizidi kuiva ikishachumwa; huchumwa siku shingo yake imelegea na tunda limeinama, na kufikia kesho kutwa imekwisha haribika. Mtini wa Sakania ni mti wa uani, karibu na jiko, ambapo mwenye nyumba hupita kila asubuhi kabla ndege hawajaamka.