Kabla ya Shangwe: Watu Wasiotajwa Walioipa London Karnivali ya Bure

Zile klipu zinazosambaa kila mwisho wa Agosti, mabinti wenye manyoya mgongoni, maspika yaliyopangwa kama ukuta, askari polisi anakata mauno na bibi wa watu, wengi wanadhani ni Rio. Hapana mtu wangu. Hiyo ni London, magharibi mwa jiji, mtaa wa Notting Hill. Ni siku mbili tu, Jumapili na Jumatatu ya mapumziko, na idadi ya watu inayotajwa hufika hata milioni 2. Na hakuna anayeulizwa tiketi getini. Geti lenyewe halipo.

Ni bure, lakini si ya dezo. Kuna watu waliilipia, tena bei mbaya, na wengi wao hawapo kwenye bango lolote. Wanaotajwa ni wawili watatu, halafu mashabiki wanabishana nani kati yao ndiye mwanzilishi halisi. Ubishi mtamu, ila unawaacha nje watu wenye karnivali yao.

Kwanza usahau Notting Hill ya kwenye filamu, ile ya nyumba za rangi ya peremende na bei za kuzimia. Miaka ya 1950 hapo palikuwa uswahilini kabisa. Majumba makubwa ya zamani yamekatwakatwa vyumba, familia nzima inalala chumba kimoja, choo cha kuchangia ngazi nzima. Meli ya Empire Windrush ilitia nanga Tilbury Juni 1948 ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibiani, na baada yake wakaja wengine na wengine. Walikuwa raia wa dola ya Mwingereza, wamekuja kuendesha mabasi, kuhudumu kwenye treni, kuuguza wagonjwa. Wakienda kutafuta chumba, wanakuta kibao dirishani kinachosema weusi hawatakiwi. Aliyekubali kuwapangisha aliwakamua. Mmoja wao, Peter Rachman, alikamua hadi jina lake likaingia kwenye kamusi za Kiingereza kama neno la kuelezea unyonyaji wa wenye nyumba. Majirani zao hapo mtaani walikuwa Waairishi, Wahispania, Wareno na Waukraine, nao mifuko imetoboka vilevile.

Mwisho wa Agosti 1958 mambo yakalipuka. Makundi ya vijana wa kizungu, wale waliojiita Teddy Boys, yalizunguka usiku na minyororo, vyuma na visu, yanawinda mtu yeyote mweusi. Nyumba zilivunjwa madirisha, watu wakapigwa. Hali hiyo ilidumu siku kadhaa mpaka Septemba inaanza. Baadaye vijana 9 wa kizungu walifungwa miaka minne kila mmoja. Lakini hofu haifungwi jela. Mwanamke anayetoka zamu ya usiku hospitalini alikuwa bado anatakiwa kutembea mpaka nyumbani.

Hapo ndipo anaingia mtu wa kwanza katika ule ubishi. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad aliyekulia Harlem, alifukuzwa Marekani mwaka 1955 kwa sababu ya ukomunisti wake, akaja London na kuanzisha gazeti la West Indian Gazette. Hakuitisha maandamano. Aliitisha karnivali. Tarehe 30 Januari 1959, katikati ya baridi kali, ndani ya ukumbi wa St Pancras, kukawa na kalipso, dansi na mashindano ya urembo, na BBC wakaonyesha kwenye televisheni. Sehemu ya pesa za kijitabu cha shughuli ilikwenda kulipia faini za vijana, weusi kwa weupe, waliokamatwa kwenye zile vurugu. Soma hapo tena: weusi kwa weupe. Aliyekuwa na haki ya kununa kuliko wote alichanga na upande wa pili.

Miezi minne baadaye, Mei 1959, Kelso Cochrane, seremala wa miaka 32 kutoka Antigua, alichomwa kisu mtaani hapohapo akirudi nyumbani usiku. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Zaidi ya watu 1,000 walimsindikiza makaburini, na picha za siku ile zinaonyesha nyuso za kila rangi. Oktoba mwaka huo mwanasiasa wa kifashisti Oswald Mosley aligombea ubunge wa eneo hilo akitaka wahamiaji weusi warudishwe kwao. Alipigwa chini vibaya, hata dhamana yake ya ugombea ikapotea. Waliompiga chini ni wapiga kura wa kawaida wa mtaa, walioweka karatasi kwenye sanduku wakaenda zao kupika chakula cha jioni.

Sasa kidogo kuhusu pipa, maana bila pipa hii stori haisimami. Huko Trinidad, watumwa na baadaye wajukuu zao walikuwa na sherehe yao ya mienge, vinyago na ngoma. Serikali ya kikoloni haikuipenda. Mwaka 1881 polisi na washereheaji walitwangana Port of Spain, na sheria zilizofuata zikapiga ngoma marufuku. Watu wakasema sawa, wakachukua mianzi, wakawa wanaigonga chini. Baadaye wakahamia kwenye makopo ya biskuti na mifuniko ya mapipa ya taka, na kufikia miaka ya 1940 wakawa wanachukua pipa la mafuta, wanalikata, wanalipiga nyundo na kulichoma moto mpaka linatoa noti kama kinanda. Jina la aliyegonga kopo la kwanza akasikia noti? Trinidad kwenyewe wanabishana mpaka leo. Mwaka 1951 bendi ya vijana wa mapipa hayo ililetwa London kupiga kwenye tamasha kubwa la taifa, na mmoja wao, Sterling Betancourt, akagoma kurudi.

Twende 1966. Mtu wa pili wa ubishi ni Rhaune Laslett, mhudumu wa jamii mzaliwa wa East End, ambaye nyumba yake ilikuwa kama ofisi ya mtaa: ukifukuzwa chumba unaenda kwake, umenyimwa haki unaenda kwake. Aliamua mtaa unahitaji kitu cha kuwatoa watu ndani wakutane. Hapakuwa na bajeti ya maana. Mavazi yaliazimwa Madame Tussauds, lile jumba la sanamu za nta. Msusi mmoja wa mtaani alitengeneza watu nywele na kuwapamba bila kudai senti. Waairishi walileta yao, Waukraine yao, Wahispania na Waafrika hali kadhalika. Hesabu ya polisi ilisema walijitokeza kama watu 1,000. Kwa leo hao hawajazi hata kona moja.

Laslett alikuwa amealika pia kikundi kidogo cha mapipa kilichokuwa kinapiga Jumapili kwenye baa moja ya Earls Court. Kiongozi ni Russell Henderson, mpiga piano aliyekuja Uingereza kusomea ufundi wa kutyuni piano. Mwenzake mmoja ni yuleyule Betancourt aliyegoma kurudi. Wapo pale wanapiga, mambo yamepoa kidogo, watoto wanazubaa. Henderson akaona hapana. Kwao Trinidad karnivali haikai sehemu moja. Wakavaa pani zao shingoni, wakasogeza vizuizi vya barabara, wakaanza kutembea.

Hapo ndipo karnivali ya mtaani ilipozaliwa, na hilo halikuwa kwenye ratiba ya mtu. Wenyewe walisimulia baadaye kwamba wanawake waliokuwa wanatoka kununua mahitaji waliingia kwenye mstari na vikapu vyao, wakiuliza tu mnafika wapi, wanajibiwa hapo mbele. Hapo mbele ikawa mtaa wa pili, wa tatu, wa nne. Wazungu waliokuwa hawajawahi kuona pipa likiimba walitoka mlangoni kushangaa, mwisho wakajikuta wako mbali na kwao, wanauliza basi namba ngapi litawarudisha.

Leo kwenye kona ya Portobello Road na Tavistock Road kuna kibao cha kumkumbuka Claudia Jones, na ni haki yake. Aliweka wazo. Laslett alifungua barabara. Henderson aliinuka. Lakini watu watatu wakitembea barabarani wanapiga mapipa ni wapita njia tu. Kilichowageuza kuwa karnivali ni wale wa nyuma, wenye viazi kwenye kikapu.

Miaka ya mwanzo ilibaki shughuli ya mtaa. Pembeni yake jiji lilikuwa linabomoa nyumba kupitisha Westway, barabara ya juu iliyofunguliwa 1970, na familia nyingi zilihamishwa. Mgahawa wa Mangrove, pale All Saints Road, ulivamiwa na polisi mara kwa mara hadi watu wakaandamana, na kesi ya wale tisa iliyofuata mwaka 1971 ikamfanya jaji atamke mahakamani kwamba chuki ya rangi ilikuwepo, ikiwemo upande wa polisi. Ukiitazama ramani, karnivali inapita humohumo.

Mwaka 1973 mwalimu kijana wa Kitrinidad, Leslie Palmer, aliikuta sherehe iko hoi. Tangazo lilitolewa la kuita wenye nia, wakaja wachache tu. Yeye ndiye aliyeigeuza: jenereta, vibanda vya kukodisha chini ya Westway, bendi za mavazi, na juu ya yote akawaita vijana wenye asili ya Jamaika waje na mitambo yao ya muziki. Wakongwe wa kalipso walinuna, wakasema rege si karnivali. Lakini vijana waliozaliwa London ndio waliofuata spika, na kufikia 1975 mtaa ulikuwa umefurika kwa laki na zaidi.

Umati ukaleta polisi. Mwaka 1976 walimwagwa askari kama 3,000, na jioni ya Jumatatu jaribio la kumkamata kijana aliyetuhumiwa wizi wa mfukoni likawasha moto. Askari walijikinga kwa mifuniko ya mapipa ya taka, zaidi ya 100 wakapelekwa hospitali. Kwa miaka mingi baada ya hapo, magazeti yakiandika karnivali yanaandika fujo. Kijana mweusi wa Ladbroke Grove alikuwa anasoma habari ya sikukuu yake kwenye kurasa za uhalifu.

Wakati magazeti yanahesabu waliokamatwa, kuna watu walikuwa wanahesabu shanga. Mavazi yale hayashuki na parachuti. Miezi kabla, kwenye kumbi za jamii na vyumba vya chini, kuna akina mama na vijana wanapinda waya, wanabandika manyoya, wanashona usiku baada ya kutoka kazini. Wengi hawalipwi. Wapiga pani nao wanarudia wimbo mmoja wiki na wiki mpaka majirani wanaujua kuliko wao, kwa ajili ya shindano la Jumamosi ambalo kamera nyingi hata hazifiki. Na pembeni ya barabara kuna mwenye jiko la kuku wa jerk. Angalia anachomea nini: pipa la mafuta, limepasuliwa katikati.

Wenye nyumba za mamilioni wao wanapigilia mbao madirishani na kusepa wikiendi nzima. Wengine wana akili ya biashara, wanabaki na kukodisha choo, pauni kadhaa kwa haja moja. Mjini shule.

Na hapo ndipo penye mgogoro wa sasa. Kila mwaka inatokea sauti ya kutaka shughuli ihamishiwe Hyde Park, izungushiwe uzio, pengine na kiingilio. Hoja za usalama si za kupuuza. Mwaka 2024 watu wawili walishambuliwa wakafariki, mmoja akiwa mama aliyekuja na mwanawe mdogo. Msongamano kwenye vichochoro vile unatisha hata waandaaji wenyewe, na 2025 ilibidi meya wa London na mabaraza mawili ya mitaa watoe karibu pauni milioni 1 za usalama ndipo shughuli ikafanyika. Ila ukiipeleka bustanini, umebaki na tamasha la kawaida, yako mengi. Njia ile ina kona alipoanguka Cochrane si mbali, ina Mangrove, ina barabara ya juu iliyokula nyumba za watu. Yule mama wa kikapu hakutoka bustanini, alitoka dukani.

Kuna dakika moja wageni wengi huwa hawaielewi. Juni 2017 jengo la Grenfell, umbali wa kutembea kutoka kwenye njia hiyo, liliungua usiku na watu 72 wakafa, wengi wao familia za wahamiaji. Tangu mwaka huo, saa tisa alasiri karnivali inasimama kuwakumbuka, na ukimya sasa ni wa sekunde 72, moja kwa kila aliyekufa. Maspika yote yanazimwa. Mabinti wa manyoya wanainamisha vichwa, muuza kuku anaacha koleo, na unasikia mtoto analia mitaa miwili kutoka hapo. Halafu mtu fulani, hajulikani nani, anagonga pani ya kwanza.