Bitcoin: Akaunti zilizofutwa, ada iliyobaki

Mwezi Mei mwaka 2019, watunzaji wa programu kuu ya kompyuta inayoendesha sarafu ya kidijitali ya bitcoin walitoa toleo lake la 0.18. Katika toleo hilo hakikuonekana tena kitu kilichokuwamo kwa zaidi ya miaka minane: akaunti za wateja. Sababu za kuondolewa kwa akaunti hizo zinaeleza bitcoin ni fedha ya namna gani, na hatari inayomkabili kila anayemkabidhi mwingine amtunzie.

Fedha isiyojua majina

Bitcoin ilianza kufanya kazi tarehe 3 Januari mwaka 2009. Mwanzilishi wake alijiita Satoshi Nakamoto, na hadi leo haijathibitika ni nani. Tofauti na benki, programu yake haikutambua jina la mtu wala nambari ya simu. Ilitambua funguo za siri, na vipande vya fedha ambavyo kila ufunguo uliweza kuvitumia.

Anayelipa huchukua vipande alivyopokea awali, humpa mlipwaji haki yake na kujirudishia chenji. Kiasi kinachopungua hapo katikati ndiyo ada, nayo humwendea mwenye kompyuta iliyofanikiwa kuyaingiza malipo hayo katika daftari la pamoja.

Mwanzoni ada haikumsumbua mtu. Kila aliyeongeza ukurasa katika daftari hilo alizawadiwa bitcoin mpya 50, na miamala mingi ilipita bure.

Daftari ndani ya pochi

Mwezi Desemba mwaka 2010, programu hiyo iliongezewa akaunti, kazi iliyofanywa na mtaalamu wa kompyuta Gavin Andresen. Wakati huo walikwisha jitokeza watu waliotaka kuendesha biashara kwa bitcoin na kuwahifadhia wateja fedha zao. Kwa akaunti hizo, mwenye pochi moja aliweza kumwandikia kila mteja jina na salio lake. Aliweza pia kuhamisha salio kutoka kwa mteja mmoja hadi kwa mwingine bila ada, na bila daftari la pamoja kuwa na habari.

Lakini mgawanyo huo ulikuwa wa maandishi tu. Vipande vyote vilichanganyika katika pochi moja, kama muuza duka anayepokea amana za watu kumi na kuziweka katika kasha moja. Mteja alipotaka kulipa, programu ilichukua vipande vyovyote, hata vile vilivyoletwa na mwenzake.

Hapo ndipo ada ilipozusha matatizo. Katika huduma kama M-Pesa, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, ada hutegemea kiasi kinachotumwa. Katika bitcoin, ada hutegemea ukubwa wa taarifa zinazoandikwa. Malipo yaliyokusanywa kutoka vipande vidogo mia moja hugharimu zaidi kuliko malipo ya kiasi kile kile yanayotoka katika kipande kimoja kikubwa. Kwa hiyo mteja aliweza kutozwa ada kubwa kwa sababu ya vipande vidogo vilivyoletwa na mtu mwingine. Na kwa kuwa ada ilikatwa juu ya kiasi kilichoombwa, salio liliweza kushuka chini ya sifuri, na mwenye pochi akabaki akilidai jina lililoandikwa katika kompyuta yake.

Ada yapanda, imani yapungua

Maadamu ada ilikuwa ndogo, kasoro hiyo ilivumilika. Mwaka 2013 ada ya kawaida katika programu hiyo ilipunguzwa hadi bitcoin 0.0001. Mwaka 2015 programu ilianza kukadiria ada yenyewe kwa kuangalia msongamano wa malipo. Kisha, mwezi Desemba mwaka 2017, watu walipogombea nafasi chache zilizokuwapo katika daftari, wastani wa ada kwa muamala mmoja ulipita dola 50 za Marekani.

Kabla ya hapo ulimwengu ulikwisha pata onyo jingine. Mwezi Februari mwaka 2014, soko la Mt. Gox mjini Tokyo liliomba kinga ya kufilisika, likieleza kwamba bitcoin zipatazo 850,000, nyingi zikiwa za wateja, zimetoweka. Baadaye bitcoin zipatazo 200,000 zilipatikana. Wateja walikuwa wakiona masalio yao kwenye skrini, lakini masalio hayo yalikuwa ahadi ya kampuni tu. Funguo hazikuwa mikononi mwao.

Lebo badala ya akaunti

Mwaka 2018, katika toleo la 0.17, akaunti zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati, na mwaka uliofuata zikaondolewa. Mahali pake ziliwekwa lebo, ambazo hutaja anwani fulani ni ya nini bila kudai kwamba ina salio lake la peke yake. Anayetaka kuwahifadhia wengine fedha analazimika kuwa na daftari lake mwenyewe, na kulijibia.

Ada imebaki, na umuhimu wake unaongezeka. Zawadi ya bitcoin 50 imekuwa ikipunguzwa kwa nusu, na tangu mwezi Aprili mwaka 2024 ni bitcoin 3.125. Zawadi hiyo itakapokwisha, wanaolilinda daftari la pamoja watategemea ada peke yake. Daftari hilo halijui majina ya watu. Aliyemkabidhi mwingine funguo zake hana ndani yake ushahidi wowote wenye jina lake. Alichonacho ni neno la aliyemkabidhi.